Mkono Shingoni Mwangu

Kama umewahi kuambiwa kwamba ndani ya mwili wako anaishi mwingine, nakuandikia wewe kwanza. Wengine wasome wakipenda. Siandiki kukufundisha udaktari, maana siujui, wala kukutoa kanisani, maana mimi mwenyewe sijatoka. Nataka tu ujue kwamba kuna mtu wa Bugarama aliyepita njia hiyo na akatokea upande wa pili na akili zake, na kwamba siku hizi anakula ugali wake na kulala kama watu wengine.

Naitwa Mapendo. Nilizaliwa Bukavu na kukulia huko, tukavuka kurudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa. Kazi yangu ni kushona midomo ya magunia kwenye mashine ya mpunga. Mchele ukishajazwa na kupimwa, mimi na wenzangu tunaufunga mdomo wa gunia kwa shazia, ile sindano nene yenye tundu kubwa. Si kazi ya kuringia, lakini mkono wangu ulisifiwa. Mishono yangu ilikaa sawa kama meno ya chanuo.

Ugonjwa ulianzia kwenye shazia. Mavuno yalikuwa yamepamba moto, magunia yamepangwa mpaka mlangoni, nami nikaanza kulikosa tundu. Uzi ukienda kulia, tundu liko kushoto. Wenzangu wakanitania kwamba siku hizi nanyweshwa kitu kikali na Papa Kesia, yaani mume wangu, baba wa binti yetu Kesia. Nilicheka nao. Nilitokwa na jasho pia, lakini Bugarama nani hatokwi na jasho? Bonde letu ni tanuri. Niliposhtuka ni pale mvua iliponyesha siku nzima, watu wakajifunika mashuka, na mimi bado blauzi imenigandia mgongoni.

Baadaye moyo ukaanza kukimbia hata nikiwa nimekaa. Nilikula sahani mbili, nikatamani ya tatu, na bado sketi zikawa zinanipwaya. Usingizi ulinikimbia. Hasira ndizo zilizonijia bila kuitwa. Siku moja nilimfokea mume wangu kwa sababu ya kifuniko cha sufuria, mpaka majirani wakazima redio wapate kusikia vizuri. Mwishowe shingo ikavimba kwa mbele, na macho yakajitokeza kama ya mtu aliyeshtushwa akasahau kutulia.

Sasa lazima nikueleze chumba cha maombezi. Nyuma ya kanisa letu kuna chumba cha mabati, na kila Jumatano mchana watu wenye mizigo huja kuombewa. Mimi nilikuwa mmoja wa waombezi. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya wanawake, kuwadaka wanapoanguka, na kuwafunika miguu kwa kitenge. Kiongozi wetu ni Maman Roda, muuza vitambaa, mwanamke mpole ambaye ndiye aliyenisimamia siku ya harusi yangu. Usimfikirie vibaya kabla sijamaliza.

Maman Roda alitufundisha kwamba mtu ni nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha ndani kabisa ni roho, na kwa aliyeokoka Mungu ameketi humo. Vyumba viwili vinavyobaki, nafsi na mwili, vina milango na madirisha, na nguvu za giza huingia humo kama mgeni asiyejua kuaga. Mtu akiwekewa mikono, yule mgeni anaunguzwa na uwepo wa Mungu, ndipo nyumba inatikisika. Kwa hiyo anayetetemeka hayuko peke yake. Na kabla ya kumtoa mgeni, watoto na wajawazito hutolewa nje kwanza, kwa sababu anayefukuzwa hutafuta mlango wa karibu ulio wazi. Sheria hizo sikuwahi kuzitilia shaka. Niliziamini, na hata leo naamini kwamba yako mambo tusiyoyaona kwa macho.

Nilikwenda kuombewa kwa miguu yangu mwenyewe. Kesia, aliyekuwa na miaka mitatu, nilimkalisha kwenye mkeka kando ya ukuta. Maman Roda akaniwekea mikono kichwani, nami nikatetemeka. Ningeachaje kutetemeka? Siku zile hata kikombe cha chai kilikuwa kinagonga sahani yake nikikishika. Lakini chumba kizima kikanyamaza, na nyimbo zikakatika.

"Batoto batoke," Maman Roda akasema kwa sauti ya chini.

Mtoto aliyekuwemo alikuwa mmoja tu, wangu. Mmoja wa waombezi akambeba juu juu kama anayemwokoa kwenye moto, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

Maman Roda akashusha vidole mpaka kwenye uvimbe wa shingo. "Hii ni mukono," akawaambia wenzangu. "Iko namukaba asimusifu Mungu." Kisha akanisogelea usoni, lakini hakuwa akisema na mimi. "Wewe ule uko ndani, taja jina yako."

Nilijua swali hilo lilivyo. Nilikuwa nimelisikia likiulizwa wengine mara nyingi, na majina niliyajua, yale ya ziwani, ya makaburini na ya ukoo. Lakini sikiliza nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nilitega sikio ndani yangu mwenyewe. Nilisubiri kweli kweli nisikie kama kuna atakayejibu. Sikusikia kitu ila moyo wangu ukipiga kama mashine ya mpunga.

"Mapendo," nikasema. "Ni mie, Mapendo. Hakuna mungine."

Wakashusha pumzi, maana hilo nalo lina fundisho lake: pepo mkaidi hujificha nyuma ya jina la mwenye nyumba. Nililijua fundisho hilo sawa na wao. Nikaanguka, na niliponyanyuka nilikuta mtu amekwisha kunifunika miguu kwa kitenge.

Mama wa mume wangu, anayeishi Gikundamvura na ambaye siku ile alishuka kuja kusali nasi, alikuwa amesimama mlangoni na Kesia mgongoni.

"Nitaenda na mutoto," akasema. "Atarudi siku mama yake atafunguliwa."

"Maman, ni mutoto yangu."

"Najua ni yako. Mie niliisha kuzika batoto babili, Mapendo. Siwezi kucheza na huyu."

Papa Kesia alitazama viatu vyake. Na mimi, ambaye nilimfokea kwa kifuniko cha sufuria, siku ile sikupandisha sauti. Niliogopa kwamba huenda wako sahihi. Nilikwenda nyumbani nikazikunja nguo za Kesia mwenyewe, nikamfungia na kile kijiko chake cha plastiki. Tangu hapo sikuwa na ombi jingine mbele za Mungu. Sikuomba kupona. Niliomba mtoto wangu arudi.

Ikawa Jumatano baada ya Jumatano, na kila mara nilitetemeka zaidi ya mara iliyopita. Kwenye mashine bosi akaniambia nikapumzike, maana magunia yangu yalikuwa yanafumuka wakati wa kupakiwa. Maumivu ya mwili mtu anayazoea. Kibaya zaidi kilikuwa kujipeleleza. Nikisikia njaa, najiuliza ni nani mwenye njaa. Nikimkasirikia mume wangu, najiuliza hasira hii ni ya nani. Nilikiondoa kioo ukutani kwa sababu yale macho yalikuwa yananitazama, nami sikuwa na hakika ni nani anayetazama. Mume wangu akawa analala ukingoni kabisa mwa kitanda. Hakusema kitu, lakini mtu anayelala ukingoni amekwisha sema.

Maman Roda akaniwekea mfungo, bila chakula wala maji, mpaka kieleweke. Nilikubali. Ungekubali na wewe kama ungekuwa na mtoto Gikundamvura.

Asubuhi moja katikati ya mfungo ule mwili uliwaka homa. Moyo ukawa haupigi tena, unatetemeka tu. Natapika na tumbo halina kitu. Papa Kesia anasema nilianza kuongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu, namwita dada yangu aliyeko Bukavu, naomba nifunguliwe dirisha na sisi tuko uani. Mtu mwingine angekimbilia kanisani, na ushahidi wote alikuwa nao. Yeye akasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, akanipakia katikati yake na dereva, akanishikilia kiunoni kwa mikono miwili mpaka kituo cha afya. Huko hakuna aliyetuuliza habari za Jumatano. Muuguzi alinishika mkono kupima mapigo, akautazama uso wangu, akapiga simu kuita ambulansi. Nilipandishwa mpaka hospitali iliyoko juu, upande wa Kamembe, na kila kona ya barabara ile niliihesabu kuwa ya mwisho.

Hospitali utaijua kwa mabenchi yake. Nilipopata nguvu ya kukaa, nilikaa sana, nikisubiri vipimo vya moyo, nikisubiri damu yangu iliyopelekwa Kigali irudi na majibu. Kwenye benchi kila mtu anashika kadi yake ya mutuelle, ile bima ya matibabu, na jina likiitwa wote wanainua shingo. Mimi shingo yangu niliifunga kitambaa. Kitanda cha jirani kilikuwa na mama mmoja wa Kiislamu, mke wa seremala wa Kamembe, anayeugua mguu. Kila asubuhi binti yake alimletea uji kwenye termosi, naye alinimiminia nusu kabla ya kunywa wake. Hakuniuliza macho yangu yana nini. Aliuliza tu kama sukari imetosha, na ile sukari ilinifariji kuliko maombi mengi niliyokwisha kuombewa.

Daktari alikuwa kijana, mchovu, na maneno yake machache. Alisimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni, akaniambia nimeze mate. Watu wengi walikuwa wameishika shingo ile, lakini yeye ndiye wa kwanza kuniambia nimeze mate. Kisha akaniambia ninyooshe mikono mbele, akanilazia karatasi nyeupe juu ya vidole. Ile karatasi ikacheza. Nilimchungulia usoni nione kama ataogopa, au kama atawaambia watu watoke. Alipiga miayo.

Akaniambia kuna tezi shingoni inayoendesha mwili, na yangu imekuwa kama dereva aliyekanyaga mafuta akasahau mguu hapo.

"Na roho yangu, docteur?" nikamuuliza.

Akaikunja ile karatasi. "Roho siwezi kuipima, maman. Tezi naweza."

Jibu hilo nimelihifadhi. Hakuniambia kwamba roho haipo. Alijua tu mpaka wa shamba lake.

Nikaanza vidonge, vya tezi na vya kutuliza moyo. Akanionya mambo mawili. La kwanza, nikiumwa koo pamoja na homa nisimeze tena, nikimbie kupimwa, maana dawa ile kwa watu wachache huwaua askari wa damu. La pili, nisije nikaiacha ghafla kwa sababu najisikia vizuri. "Ukiacha, utarudi kwenye ile asubuhi, na safari hiyo sijui kama utaniona," akasema. Koo liliniuma kweli mara moja, mvua zilipoanza. Nilikaa kwenye benchi lilelile kusubiri majibu, nikiwaza kwamba kinachoniponya ndicho kinachoniua. Yalikuwa mafua tu. Nililia mbele ya mpima damu, naye akanipa pamba ya kufutia machozi.

Kupona hakuji kwa kishindo. Kwanza jasho lilipungua. Kisha nikala sahani moja ikatosha, na nikaona aibu kidogo kwa zile nyingine. Mavuno yaliyofuata yalinikuta bado nyumbani. Yaliyofuata hayo nilirudi kwenye mashine, nikatunga uzi kwenye shazia kwa jaribio la kwanza, wenzangu wakanipigia vigelegele kama bibi harusi. Shingo haikurudi yote, wala macho, na daktari alisema huenda yakabaki hivyo.

Miezi hiyo yote Kesia alikuwa Gikundamvura. Niliruhusiwa kumtembelea, lakini mimi nilipewa kigoda upande mmoja wa ua na yeye akashikwa upande mwingine, masikio yake yakimeremeta mafuta ya upako. Nikiondoka alinipungia mkono kama anavyoyapungia magari.

Ndipo Maman Roda akanitumia neno kwamba nirudi chumbani tuone. Nilikwenda, na mume wangu akaja, na mama yake akashuka. Mikono ikawekwa. Walisali, wakaimba, wakakemea, na mimi nikasimama kimya kama nguzo. Hata kidole changu kimoja hakikucheza.

Mtu wa kwanza kulia alikuwa Maman Roda, na machozi yake yalikuwa ya kweli. "Amefunguliwa," akasema, akinikumbatia. "Dimanche utatoa ushuhuda. Na ile vidonge ulete, uweke mbele ya mazabahu, batu baone umeacha fimbo sababu unatembea. Kiisha mutoto arudi kwake."

Nilimwona mamamkwe akiitikia kwa kichwa. Basi bei ilikuwa hiyo. Kesia angelala kitandani kwangu Jumapili ileile. Nilichotakiwa ni kuweka pakiti moja madhabahuni, na wala hakuna ambaye angejua kama nimenunua nyingine. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa nyumba yenye mtu aliyejificha ndani. Kama ningeficha vidonge, ningemleta mimi mwenyewe yule mgeni waliyemtafuta.

"Maman Roda," nikasema, "sitetemeki sababu niko nakunywa dawa. Mungu alinisaidia, na dawa njo mukono yake. Nikiiacha nitatetemeka tena, halafu nitakufa. Sitaiweka."

"Kwa hiyo haujafunguliwa," akasema polepole. "Umefungwa na kamba ingine."

"Ulitufundisha mwili ni chumba cha ile nyumba Mungu anaketi. Mie niko nakifagia."

Akaniachia. Si kwamba nilimshinda. Nilimwona amehuzunika, kama mtu aliyeona mgonjwa anakataa uji. Mamamkwe alikwisha toka nje.

Tulimfuata kesho yake, mimi na Papa Kesia, kwa moto mbili. Njiani sikuwa na hotuba yoyote. Tulimkuta uani anaanika maharage, na Kesia ndani anaongea peke yake. Mamamkwe hakuinua uso.

"Mama," mume wangu akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti ile kwake, "ile asubuhi mie njo nilimubeba. Haukukuwa pale. Alikuwa anakufa mu mikono yangu, na haikukuwa pepo. Leo narudisha mutoto yangu."

"Na akikufa mutoto?" mamamkwe akauliza. "Utakuja kuniambia nini? Bale babili, nani alinirudishia?"

Mikono yake, juu ya maharage, ilikuwa inatetemeka. Sikuwahi kuiona hivyo. Hasira niliyokuwa nimeitunza kwa misimu miwili ilinitoka yote, nikapiga magoti mbele yake nikafungua kitambaa cha shingo.

"Nishike weye mwenyewe, Maman. Tangu siku ile haujanigusa."

Aliutazama ule uvimbe. Kisha akafuta kiganja kwenye kitenge, akakiweka shingoni kwangu kwa woga, kama anayejaribu pasi ya moto. Uvimbe ulikuwepo bado, nao aliugusa. Alibaki hapo, akisikiliza kwa vidole.

"Inapiga polepole," akasema.

"Ndiyo, Maman."

"Ni ya mutu tu."

"Ni ya mutu tu."

Akaondoa mkono, akajipangusa macho kwa ukingo wa kitenge, akaita, "Kesia, kuya uone maman yako."

Kesia alitoka akasimama kwenye kizingiti, amerefuka, magoti yana vumbi. Alinitazama, akamtazama bibi yake, akaja mpaka nilipopiga magoti. Hakunikumbatia. Aliinua kiganja chake, akakibandika kwenye paji la uso wangu kwa nguvu, akakunja sura.

"Toka kwa maman yangu," akasema.

Papa Kesia akageukia ukuta. Mamamkwe akasema kwa sauti ndogo, "Kila siku anafanya vile, hata kwa mutungi ya maji. Mie sikumufundisha."

Mtoto wangu hakuondoa mkono. Alikuwa ananingoja. Alikuwa amewaona watu wengi chini ya mikono, na alijua linalofuata: mtu huanguka. Mimi bado nilikuwa nimesimama kwa magoti, na uso wake ukaanza kuingiwa na wasiwasi. Mbele ya chumba kizima cha maombezi nilikuwa nimekataa kuigiza. Nikajiangusha chali pale uani, kati ya maharage, macho nimefumba, kwa kishindo mpaka kuku wakakimbia.

Nilimsikia akicheka. Akanipanda kifuani, akajilaza na viatu vyake miguuni.